Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kula pamoja, nyumbani na mgahawani

Nimepikia watu kwa miaka mingi, na bila mtu yeyote kunichagua nimekuwa ndiye mratibu kila tunapotoka kwenda kula. Maswali hujirudia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Majibu mengi ni ya mazoea yangu na unaweza kuyapinga, ila panapohusu afya nimeshika vipimo.

Nimealika watu sita Jumamosi usiku. Nipike nini?

Anza na swali jingine: chakula gani kinaweza kusubiri? Wageni hawafiki kwa pamoja hata siku moja. Mmoja atatangulia dakika ishirini ukiwa bado unamenya vitunguu, mwingine atapiga simu kwamba ndiyo kwanza anatoka. Mchuzi wa nyama, maharage, dengu, kuku wa kuoka aliyefunikwa vizuri, vyote vinavumilia, na mchuzi hata hunoga zaidi ukitulia. Samaki wa kukaanga, chipsi na mayai havina subira. Dakika kumi tu, vimeshalegea.

Kanuni yangu ni kwamba kitu kimoja tu kiachwe cha kumalizia wageni wakiwa wameshakaa. Vingine vyote viwe tayari saa nzima kabla. Nililijua hili baada ya kuumbuka. Kuna usiku nilitaka kuwakaangia watu wanane samaki, kila mtu na wake, wa moto kutoka kikaangoni. Kikaango kilikuwa kinachukua wawili. Waliotangulia kula walishamaliza nikiwa kwenye zamu ya tatu, na nilichoambulia mimi jioni ile ni vicheko vikipenya ukutani, wala sijui walikuwa wanacheka nini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alikuwa jikoni, jasho linamtoka, mafuta yamemrukia mkononi.

Nipime kiasi gani ili chakula kisipungue?

Mchele mkavu, gramu 75 hadi 100 kwa mtu mzima. Ukiiva uzito wake hukaribia mara tatu. Kwa watu sita nusu kilo inatosha, na ukipika gramu 600 utalala usingizi. Nyama isiyo na mfupa, gramu 150 hadi 200 kwa mtu. Yenye mifupa, panda hadi 250 au 300. Mtoto mdogo mhesabu nusu.

Ukipika aina nyingi, punguza kila moja, maana tumbo la mgeni halipanuki kwa sababu wewe umeweka mabakuli matano mezani. Hapa ndipo wengi wetu huteleza: tunapikia hofu ya kusengenywa, si watu waliokuja, halafu wiki nzima tunapasha kiporo. Kama wasiwasi haukutoki, ongeza mchele au dengu. Nyama usiiguse.

Nikizidisha vipimo mara mbili, kila kitu nikizidishe mara mbili?

Vingi ndiyo, maji na muda hapana. Maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa sufuria na muda wa kuchemka, hayajali mchele uliomo ni mwingi au kidogo. Ukiweka mchele mara mbili na maji mara mbili kwenye sufuria ileile, jiandae kwa bokoboko. Chumvi na pilipili weka mara moja na nusu kwanza, onja, kisha ongeza.

Kukaanga kwa wingi kuna mtego wake. Ukijaza kikaango, vitunguu au nyama hutoa maji na kuanza kuchemka badala ya kukaangika. Ile rangi ya kahawia na harufu yake hutokea sukari na amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zinapokutana kwenye joto kali. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwitikio huo mwaka 1912, na huenda kwa kasi kuanzia kama nyuzi 140 za Selsiasi. Maji yanayochemka hayavuki 100. Kwa hiyo maadamu kuna maji chini ya kikaango, rangi utaisubiri sana. Kaanga kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu acha mafuta yapate moto tena.

Wali wa watu wengi upike kwenye sufuria mbili. Sufuria moja kubwa mara nyingi hukupa ukoko chini na wali uliovia juu.

Chumvi imezidi na wageni wako mlangoni. Nitie kiazi?

Kiazi hunyonya mchuzi, na mchuzi ule una chumvi. Hakichagui chumvi peke yake. Wanaosema kimewasaidia mara nyingi waliongeza na maji kidogo, na ni hayo maji yaliyosaidia. Dawa ni kuongeza kisicho na chumvi: maji, nyanya, tui la nazi, dengu zilizochemshwa bila chumvi. Ndimu kidogo huficha chumvi ulimini japo haiiondoi. Na wanga wa pembeni usiutie chumvi kabisa.

Pilipili ikizidi, maji ya kunywa hayasaidii, kwa sababu kile kinachowasha hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Weka mtindi mezani, au maziwa.

Kuku aoshwe kabla ya kupikwa? Na nitajuaje ameiva?

Hili huleta ubishi kila mara, kwa sababu aliyetufundisha kupika alikuwa anaosha. Lakini maji ya bomba hayaui vijidudu. Yanavirusha: matone huruka hadi kwenye sinki, kibao cha kukatia na vyombo vilivyo karibu, pamoja na bakteria kama Campylobacter na Salmonella. Moto ndio unaoua. Akiwa na uchafu unaoonekana, mpanguse kwa karatasi ya jikoni, uitupe, unawe mikono kwa sabuni.

Kuiva ni nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya sehemu nene kuliko zote, kwa kawaida ndani ya paja, bila kugusa mfupa. Rangi hudanganya. Kuna kuku mweupe kabisa ambaye hajaiva, na kuna mwenye wekundu karibu na mfupa aliyeiva zamani. Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo tu, na kwa mtu anayealika watu kila mara kina faida kuliko kisu cha tano.

Kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisikatiwe kachumbari. Hii ya kibao naiona ikikosewa hata na watu wanaopika vizuri sana, kwa sababu ya haraka ya dakika za mwisho.

Maharage mekundu naweza kuyaacha yajipikie polepole kutwa nzima?

Hapana, si moja kwa moja. Yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, na moto mdogo hauiondoi. Yakipata joto la nusunusu madhara yanaweza hata kuzidi ya yaliyo mabichi. Loweka angalau saa 5, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa maji mapya yakitokota kwelikweli kwa nusu saa. Baada ya hapo yaache kwenye moto mdogo upendavyo.

Mgeni wangu ana mwiko wa chakula. Nimuulizeje bila kumkwaza?

Muulize siku unayomwalika, si akiwa ameshakaa mezani. Swali moja tu linatosha: "Kuna chakula usichokula, au kinachokudhuru?" Sehemu ya pili ndiyo muhimu. Asiyependa bamia atalisukuma pembeni ya sahani, maisha yaendelee. Anayejizuia kwa imani au kwa msimamo anahitaji sufuria yake isichanganywe. Mwenye mzio anaweza kukata pumzi.

Kiswahili kinatupa ukumbusho hapa: mwiko ni lile katazo, na mwiko ni kile kijiti cha kusongea. Ukikoroga mchuzi wa karanga kisha ukachovya mwiko uleule kwenye sufuria ya pili, umeuvunja wa kwanza kwa kutumia wa pili. Kupika hakuondoi mzio wa karanga, na kutoa karanga zinazoonekana hakusafishi sahani.

Mgahawani, mwambie mhudumu kabla ya kuagiza, na uulize hasa kuhusu mafuta ya kukaangia, kwa kuwa chipsi na kamba mara nyingi hupita kwenye mafuta yaleyale. Nchi za Umoja wa Ulaya zinawataka wauza chakula watoe taarifa za vitu 14 vinavyoleta mzio. Marekani ina orodha ya 9, wa mwisho ukiwa ufuta, ulioanza kuhesabiwa mwaka 2023. Ufuta hujificha kwenye mikate na mchuzi wa saladi. Ukijibiwa "nadhani hamna", omba aende akaulize jikoni. Si usumbufu huo.

Anayeuliza "nije na nini?" nimjibuje?

Usimwambie "njoo tu". Atakuja na keki, na mwingine keki, na wa tatu keki. Mtajie kitu: barafu, matunda, kinywaji cha aina fulani. Chakula kikuu usimpe mtu, hasa yule anayechelewa. Unamjua.

Tumsubiri mchelewaji hadi lini?

Nusu saa. Kisha pakueni. Kumsubiri saa nzima ni kuwaadhibu waliowahi, na yeye akifika akakuta watu wanamtazama kwa njaa hatakula kwa raha. Mwekee chake kwenye hotipoti kikiwa cha moto kweli. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60.

Watoto wadogo wakiwepo, nibadilishe nini?

Wale mapema, kabla hawajaanza kulia. Zabibu nzima na soseji zilizokatwa duara huziba koo la mtoto, kwa hiyo zikate kwa urefu, vipande vinne. Asiyefikisha miezi 12 asipewe asali hata ya kulamba, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia. Mengine wazazi wao wanayajua kuliko wewe, hata kama unaona wanakosea.

Kiporo kinakaa muda gani?

Hesabu inaanza chakula kinapoacha kuwa cha moto, si mnapomaliza kuzungumza. Kisizidi saa 2 nje ya friji, na joto la nje likivuka nyuzi 32, saa 1. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana kwa raha zote. Tatizo ni kwamba mazungumzo yakinoga hakuna anayetazama sufuria. Mimi hunyanyuka mara moja, mara tu baada ya watu kushiba, nigawe kilichobaki kwenye vyombo vya kina kifupi, sentimita 5 hivi, kipoe haraka. Ukiingiza sufuria nzima ya moto kwenye friji, katikati yake hubaki vuguvugu saa nyingi.

Wali ndio unaodharauliwa sana. Mchele huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala mezani zinaamka, na bakteria hao hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiui. Ndiyo maana kuna watu hutapika baada ya kula wali wa jana "ulioonekana mzima".

Kwenye friji, siku 3 hadi 4. Pasha hadi utoe mvuke katikati, si pembeni tu, na upashe kile tu utakachokula muda huo.

Tukitoka kwenda kula, tuchague mahali kwa kigezo gani?

Watu huanza na chakula. Mimi naanza na kelele. Mgahawa wenye chakula kizuri na spika juu ya kichwa chenu utawafanya mpige kelele saa mbili, kisha kila mtu arudi na sauti imekauka na hajui mwenzake alisema nini. Halafu angalia kama mwenye mahitaji magumu kuliko wote katika kundi ana kitu cha kula pale, iwe ni mzee asiyeweza ngazi, mtoto, au asiyekula nyama. Huyo akipata, wengine watapata.

Mkizidi sita pigeni simu mapema. Na ombeni meza ya duara au mraba kama ipo. Kwenye meza ndefu ya watu kumi hakuna chakula kimoja cha jioni, kuna vitatu: wa huku, wa kati na wa kule, na aliyekaa kwenye kona anatabasamu tu. Ikibidi kuwa ndefu, badilishaneni viti wakati wa kitindamlo. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini jaribu.

Tuagize kila mtu chake au tuchangie sahani?

Mkiwa wanne au watano mnaojuana, changieni. Agizeni sahani moja pungufu ya idadi yenu, mle, ndipo muongeze. Jiko halifungwi mkishaagiza mara ya kwanza. Mkiwa wengi au hamjazoeana, kila mtu achukue chake, maana kuna watu wenye haya ambao hawatagusa kipande cha mwisho hata wakifa njaa.

Nani analipa?

Hili ndilo linaloharibu urafiki kuliko chumvi.

Tulikuwa tisa usiku mmoja. Mwenzetu mmoja aliagiza supu na maji, kwa sababu mwezi ulikuwa umemkalia vibaya na hakutaka kusema. Wawili walikula nyama kubwa na vinywaji raundi tatu. Bili ikaja, mtu akasema kwa sauti ya ukarimu, "Tugawanye tu sawasawa, tusihangaike na hesabu." Nilimwona mwenye supu akifungua pochi chini ya meza, akahesabu, akarudia kuhesabu. Hakusema neno. Mara mbili zilizofuata alikuwa na udhuru. Mimi niliona na nilinyamaza, na hilo linanisumbua zaidi ya maneno ya yule mwingine.

Tangu hapo mambo ya pesa nayasema kwenye mwaliko wenyewe. Lugha yetu ina njia zake: ukimwambia mtu "nakualika" au "nakutoa", ameelewa unalipa wewe. Ukisema "tukutane tule", hajaelewa chochote, kwa hiyo malizia: "kila mtu atalipia chake". Maneno manne, na mwenye mfuko mwembamba anajipanga au anakataa bila aibu.

Bili tofauti ombeni kabla ya kuagiza. Mkisubiri mwisho, mhudumu atalazimika kukumbuka nani alikunywa nini kwa kukisia, na wakati huo jikoni wanataka kufunga. Kwa sahani za kuchangia, njia ninayoiona ya haki ni kugawana chakula sawasawa na kila mtu alipie vinywaji vyake. Tofauti kubwa mara nyingi imelala kwenye vinywaji.

Mkisemezana "leo wewe, kesho mimi", sawa, lakini mtu akumbuke ni zamu ya nani, na mahali pa kesho pasiwe pa nusu ya gharama.

Ukitaka kuwalipia wote bila mvutano wa kunyang'anyana karatasi, nyanyuka kama unakwenda kunawa mikono, ukamalizane na mhudumu huko. Kabla ya kulipa soma bili mstari kwa mstari. Kosa la kuhesabiwa sahani ya meza ya jirani hutokea sana bila nia mbaya, na mara nyingine ada ya huduma imeshawekwa, ukaongeza bakshishi juu yake bila kujua.

Chakula kimeletwa kibaya. Niseme au ninyamaze?

Sema, baada ya vijiko viwili, si sahani ikiwa tupu. Na utaje kasoro yenyewe: "kuku huyu ndani bado mbichi", "supu imepoa". Ukisema "si kitamu" mpishi hana la kufanya. Kuku mbichi usimle kwa kuzunguka sehemu iliyoiva. Mhudumu hakupika, kwa hiyo hasira isimwangukie yeye. Kama ulichoagiza kimepikwa sawasawa ila wewe tu hukukipenda, hiyo ni bahati yako. Onja cha jirani.

Simu mezani?

Picha moja ya chakula, sawa. Baada ya hapo mfukoni.

Mgeni anang'ang'ania kuosha vyombo. Nimkubalie?

Mkubalie, ila mpe glasi na sahani. Sufuria umwachie nani? Wewe mwenyewe, kesho. Yenye ukoko tia maji, iweke kwenye moto mdogo dakika chache, funika, ukalale. Asubuhi itabanduka kwa mwiko. Labda kama ukoko umetoka wa rangi ya dhahabu, haujaungua. Huo huwa haufiki kulowekwa. Wawili watatu waliobaki jikoni wanaubandua kwa mikono wakiwa wamesimama, na mazungumzo ya usiku ule ndiyo kwanza yanaanza.